Kushona na Kuvalisha Familia Nguo za Lamu za Enzi ya Mwingereza

Ukitaka kuivalisha familia nzima nguo za Lamu za enzi ya ukoloni, iwe kwa tamasha, mchezo wa shule au filamu, anza na upana wa kitambaa kabla hujafikiria mtindo. Vitambaa vilivyoshushwa bandarini wakati ule vilikuwa vyembamba, aghalabu wari moja au pungufu, yaani sentimita 90 hivi. Nguo zilikatwa kwa mistari iliyonyooka ili isipotee hata shibiri. Taharizi za kanzu (vipande vya pembe vya ubavuni), kikwapa cha mkono (kipande cha mraba cha chini ya kwapa), mishono inayopita katikati ya leso (kanga) za mwanzo, yote hayo yametokana na wembamba wa kitambaa na ughali wake. Fundi akichukua kitambaa cha siku hizi cha sentimita 150, akakata kanzu ya vipande viwili, mbele na nyuma, basi hata akiitarizi kwa hariri haitaanguka mwilini inavyotakiwa.

Amua mwaka kwanza

Enzi ya ukoloni ni ndefu. Uingereza ilitangaza himaya yake Afrika Mashariki mwaka 1895, na Lamu ikawa sehemu ya ule mwambao ulioendelea kuhesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar, mpaka uhuru wa 1963. Katika muda huo mavazi yaligeuka sana, hasa ya wanawake. Mwaka wa kushika kichwani ni 1907, utumwa ulipofutwa kisheria katika himaya hii. Kabla ya hapo nguo ilitangaza daraja ya mtu kabla hajafungua kinywa. Kijakazi alijifunga kaniki au marekani, nguo za pamba zisizo na pambo, chini ya makwapa. Bibi wa kiungwana alipotoka nje alitembea ndani ya shiraa, pazia kubwa lililoinuliwa kwa miti na kubebwa na vijakazi wake. Vijakazi walipokuwa huru shiraa ikakosa wabebaji, na buibui likashika nafasi yake. Wale waliokuwa watumwa nao wakajifunga leso na kuvaa buibui kama mabibi zao wa jana, na haikuwa jambo dogo kwao.

Kwa hiyo chagua kimoja: miaka ya 1895 hadi 1907, miaka ya 1920, au miaka ya 1950. Kosa tunalolikuta mara nyingi ni baba wa 1900 aliyevaa koti la Kizungu juu ya kanzu, mama wa 1900 ndani ya buibui, na binti mwenye leso ya herufi za Kirumi. Kila nguo ni ya kweli, lakini si ya mwaka ule.

Utatazama picha za zamani, na ni vizuri. Ila jihadhari na mambo mawili. La kwanza, mtu alipokwenda kupigwa picha alivaa nguo za Idi: joho, kilemba, jambia, mikufu. Nguo za Jumatatu, za kwenda sokoni na kisimani, hazikupigwa picha kwa wingi. La pili ni rangi. Filamu za mwanzo zilikuwa na hisi kali kwa buluu na hazikuiona nyekundu, hivyo nyekundu ilitoka nyeusi na buluu ikatoka nyepesi. Kisutu, leso ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, huonekana karibu cheusi kitupu. Usinunue leso nyeusi kwa sababu tu picha imekuonyesha nyeusi.

Kitambaa

Nguo za kila siku zilitokana na vitambaa vichache. Marekani ni pamba isiyopaushwa, nzito kidogo, rangi ya maziwa, yenye vijipunje vya mbegu vinavyoonekana ukiishika kwenye mwanga. Ilianza kuja pwani miaka ya 1830 na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipoikata, viwanda vya Bombay vikapata nafasi, na jina likabaki. Kaniki ni pamba iliyotiwa nili mpaka ikakaribia weusi. Bafta ni pamba nyeupe laini, ndiyo ya kanzu nzuri za kila siku. Hudhurungi, yenye rangi ya kahawia hafifu, iliingia kutoka Maskati na ilipendwa kwa kanzu za wanaume. Chiti, yaani pamba ya maua, ni ya magauni ya wanawake na watoto, na utaihitaji sana ukichagua miaka ya 1920 na kuendelea.

Marekani na bafta bado zinapatikana kwa wauza vitambaa. Shida ni mchanganyiko wa poliesta unaouzwa kwa jina la pamba. Omba kipande cha upana wa kidole na ukichome. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu linalopukutika. Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha donge gumu. Mchanganyiko hufanya yote mawili, na huo pia uuache, kwa sababu hauli wanga vizuri na hung'aa chini ya taa.

Ukizungumza na fundi mzee utasikia vipimo vya zamani. Shibiri ni kama sentimita 23. Mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, ni kama sentimita 46. Wari ni mikono miwili, pima ni mikono minne. Shuka moja ni mikono minne, na doti, yaani jozi ya shuka, ni mikono minane. Mikono ya watu haifanani, kwa hiyo mkikubaliana kwa mkono, pimeni kwa mkono wa mtu mmoja mpaka mwisho.

Weupe wa leo ni mkali kupita kiasi, kwa kuwa viwandani hutiwa dawa ya kung'arisha. Kwa nguo za kabla ya vita vya pili, zipoze kwa chai: vijiko vitatu vya majani makavu kwa lita tano za maji, bila sukari, chemsha, chuja, acha yapoe kidogo, kisha tumbukiza kitambaa kilicholowa tayari kwa dakika 15 huku ukikigeuza. Tumia sufuria ya alumini au ya enameli. Chai ikikutana na chuma hugeuka kijivu, na madoa yake hayatoki.

Kanzu ya mtu mzima

Hapa ndipo pa kutulia, kwani kanzu ikikatwa sawa wanaume na wavulana wote wamepata nguo. Vipimo hivi ni vya mtu wa kimo cha sentimita 170, mwenye sentimita 140 kutoka begani hadi kifundo cha mguu, na kifua kisichozidi sentimita 95.

Nunua wari tatu na nusu za bafta ya upana wa sentimita 90, kama mita 3.20. Iloweke usiku kucha, ianike, ipige pasi. Bafta mpya hurudi, na ukiikata bila kuiloweka kanzu itapanda juu ya kifundo ikifuliwa mara ya kwanza. Ikisharudi, pima usalie na sentimita 288: 140 mara mbili, na nne za pindo kila upande.

Sasa upasue kwa urefu. Tia mkasi kidogo ukingoni kisha chana kwa mikono, kitambaa kitafuata uzi wake chenyewe. Mkasi kwenye urefu wa mita tatu hupotea, na badani (kiwiliwili cha kanzu) iliyopotea uzi hujipinda mwilini mpaka mshono wa ubavu ukaja mbele ya goti. Upande mmoja uwe na upana wa sentimita 52, mwingine 38.

Kipande cha 52 ndicho badani, mbele na nyuma kwa pamoja, kikikunjwa begani bila mshono. Kipande cha 38 kitoe vyote vilivyobaki, kwa mpangilio huu kutoka juu kwenda chini:

– mikono miwili, kila mmoja urefu wa 60, ambayo ikikunjwa itakuwa na upana wa 19;
– kipande cha urefu wa 120 kwa ajili ya taharizi mbili;
– vikwapa viwili vya 14 kwa 14;
– kaba, kipande cha kuimarisha shingo kwa ndani, 34 kwa 38.

Jumla ni 288 kamili. Kitakachobaki ni vitambaa vya kufutia sindano.

Taharizi hukatwa kwa mshazari. Kwenye kile kipande cha 120, weka alama sentimita 2 kutoka kona ya juu kushoto, na nyingine sentimita 2 kutoka kona ya chini kulia. Piga mstari kati ya alama hizo, kata. Utapata pembe mbili ndefu, kila moja ina ncha ya 2 na kitako cha 36. Kila moja ina upande mmoja ulionyooka na mmoja wa mshazari. Ulionyooka utashonwa na badani ya mbele, wa mshazari na ya nyuma, kushoto na kulia vivyo hivyo. Ili zilingane itabidi moja uigeuze, kwa hiyo kitambaa kisiwe na uso na mgongo tofauti.

Anza kushona na shingo, wakati badani bado ni bapa mezani. Kunja badani katikati ya urefu, tia alama ya katikati ya upana. Tundu liwe na upana wa sentimita 14, liingie 8 upande wa mbele na 2 tu upande wa nyuma. Wengi hulikata duara sawasawa juu ya kunjo, na matokeo yake kanzu huteleza mgongoni na kumkaba mtu koo siku nzima. Kata dogo kwanza, jaribu, ongeza. Ufa wa kifuani ushuke sentimita 18. Kaba liwekwe kwa ndani, lipigwe bandi (mshono mrefu wa muda), kisha lishonwe kuzunguka tundu na ufa. Hapo ndipo hutiwa tarizi, na kaba ndilo linaloibeba. Bila kaba uzi wa hariri huvuta bafta na shingo hukunjamana. Kwa kanzu ya kila siku mistari miwili au mitatu ya uzi mweupe wa kurudi nyuma, umbali wa nusu sentimita, inatosha. Nyekundu yenye kazi nyingi iweke kwa kanzu ya Ijumaa na Idi.

Halafu shona mikono. Katikati ya mkono ikae juu ya kunjo la bega. Mshono wa ndani uwe sentimita moja, kisha punguza makali ya upande mmoja, kunja ule mwingine juu yake na ulalishe, shona tena. Mishono ya zamani ilifungwa hivyo, makali hayakuonekana. Mashine ya kuzungushia uzi ukingoni haikuwapo, na uzi wake ukionekana mtu akiinua mkono, nguo yote imejitoboa siri.

Kikwapa ndicho kinachowashinda wanaojifunza. Kina pande nne: mbili zinashonwa na kingo mbili za mkono, mbili na kingo mbili za badani, ili kikae chini ya kwapa kikiwa kimesimama kwa pembe. Anza na upande mmoja kwenye mkono, na unaofuata kwenye badani ya upande huohuo. Kila ufikapo kwenye kona, simama sentimita moja kabla ya ukingo na funga uzi. Ukishona mpaka mwisho wa kona, kitambaa hakitakuwa na pa kugeukia, kitakunjana, na hapo ndipo kanzu itakapochanika mtu akiinua mkono kupokea kitu. Kikisha, ncha ya taharizi inaanzia pale kona ya chini ya kikwapa ilipo. Malizia kwa kufunga mkono kutoka kiganjani hadi kikwapani, kisha taharizi kushuka mpaka chini.

Usipinde pindo siku hiyo. Ianike kanzu usiku mmoja ikining'inia, kwa kuwa upande wa mshazari utashuka, pengine sentimita mbili au tatu. Asubuhi mvalishe mwenyewe, sawazisha, kata kilichozidi, ndipo upinde. Sijafu, yaani pindo za mikono, ziwe za sentimita tatu.

Ndani ya kanzu mwanamume alivaa kikoi, na kinabadilisha kabisa mwendo wa kanzu. Suruali ndefu chini yake huonekana kila akipanda ngazi. Kikoi kiwe cheupe chenye taraza ya rangi pembeni, kama mita 1.70 kwa 1.10. Ncha zake fumua sentimita nane, gawa nyuzi mafungu ya ishirini ishirini, sokota mafungu mawili kila moja upande wa kulia, kisha yaviringishe pamoja kwa kushoto na ufunge fundo. Yakisokotwa upande mmoja yote, tamvua hufumuka. Mvuvi au baharia havai kanzu kazini: mpe kikoi peke yake, akipige uwinda kwa kukipitisha katikati ya miguu na kukichomeka nyuma.

Kufikia miaka ya 1930 koti juu ya kanzu lilikuwa la kawaida kwa makarani na wafanyabiashara. Liwe la pamba au sufi nyepesi, lenye kola, na lisibane: kanzu chini yake ina mikono mipana.

Kofia

Kofia ya vito, yaani ya nakshi za vitundu, ya kushonwa kwa mkono ni kazi ya wiki nyingi, pengine miezi, kwa hiyo azima au nunua. Anayetaka kushona, kwa kichwa cha sentimita 57, akate duara la juu la kipenyo cha sentimita 20 na mkanda wa 59 kwa 11, kila kimoja tabaka mbili za bafta. Chora nakshi kwa penseli, shona mistari yake, kisha toboa vitundu kwa msumari mwembamba na kuvizungushia uzi kimoja kimoja. Mkanda na duara hufanyiwa kazi mbalimbali, huunganishwa mwisho. Kitundu kitobolewe kwa kusukuma nyuzi kando. Mkasi hukata nyuzi, na baada ya kufua kitundu huwa tundu. Kofia iliyofuliwa ichovye kwenye wanga, uivalishe kopo la ukubwa wake mpaka ikauke.

Leso, kaniki na rinda

Leso za mwanzo kabisa, za robo ya mwisho ya karne ya 19, zilitokana na vitambaa vya mraba vilivyochapwa na kuuzwa vikiwa vimeungana. Wanawake walinunua sita, wakavikata mafungu mawili ya vitatu na kuyashona pamoja. Kwa maonyesho ya miaka ya 1890 unaweza kuzishona hivyohivyo: tafuta vitambaa sita vya sentimita 50, vitatu kwa viwili, utapata mita 1.50 kwa 1. Mishono ilale bapa, michoro ya pembeni ikutane. Leso za namna hii karibu hazishonwi tena, na zikionekana jukwaani hufundisha zaidi ya maelezo.

Kwa miaka ya baadaye, leso ni jozi iliyochapwa yenye pindo na mji (sehemu ya katikati), kama mita 1.50 kwa 1.10. Majina, yaani maneno yanayochapwa juu ya leso, yalikuja mwanzoni kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa za Kirumi. Kama unavalisha watu wa kabla ya vita vya kwanza, tumia leso isiyo na jina kabisa, au ikunje jina lilale ndani. Madoa, nyota, korosho na maua ni salama. Picha za viongozi, mikebe, simu na ndege si za kipindi hicho. Leso nyingi wakati huo zilichapwa Ulaya, na miaka ya 1930 zikaingia za Japani kwa bei nafuu, kwa hiyo rangi kali si kosa kwa miaka ya 1950.

Kata jozi katikati, pinda kwa mkono pindo la nusu sentimita. Leso ya kwanza ifungwe juu ya matiti: ncha ya kulia iende chini ya kwapa la kushoto, ya kushoto ije juu, ikazwe na kuviringishwa ukingo wa juu kwa nje mara mbili. Kinachoshika ni mviringo ule wa ukingo. Leso mpya yenye wanga wa kiwandani huteleza, hivyo ifue kwanza. Ya pili ikae mabegani, na ipande kichwani kukiwa na mgeni.

Kaniki hufungwa vivyo hivyo, ila ni moja, shuka ya wari mbili, na haina pambo. Rangi yake hutoka. Itaacha buluu kifuani na mikononi, na ikifuliwa na kanzu basi kanzu imekwisha. Ifue peke yake mara tatu au nne kwa maji baridi mpaka maji yawe mepesi.

Ndani ya nyumba, hasa kuanzia miaka ya 1920, wanawake na wasichana walivaa magauni ya chiti. Rinda la kushona nyumbani ni rahisi: kiwiliwili chepesi, mikono mifupi, na sketi ya vipande vya upana mzima vilivyokusanywa. Upana wa sketi uwe mara mbili ya mzunguko wa mwili. Ukikusanya, shona mistari miwili ya bandi sambamba kisha vuta zote pamoja. Mstari mmoja hutoa marinda yanayokwenda upande. Zipu usiitie: tumia vifungo vya chaza au vya kitambaa, au kamba.

Buibui la kamba

Hili si lile la mikono na vifungo linalovaliwa leo. Ni duara refu la kitambaa cheusi, wazi juu na chini, lenye kamba ya kufungia kichwani, na lina upana wa kumfunika mtu na alichobeba. Tukishona kwa kitambaa cha sentimita 90, tunatumia wari nane za pamba nyeusi nyepesi, vipande vinne vya mita 1.80 vilivyounganishwa ubavu kwa ubavu mpaka vizunguke. Urefu ni kutoka utosini hadi chini ya kifundo, ukiongeza sentimita 15 za kupanda kichwani. Juu, katikati ya upande wa mbele, kusanya sentimita 40 zifike 25 na uzishone kwenye utepe wa pamba wa upana wa sentimita 2, wenye mikia ya sentimita 50 kila upande. Anayevaa huingia kwa chini, utepe ukakaa juu ya paji na mikia ikafungwa kisogoni. Ukingo wa juu uliobaki huzunguka uso na kushikwa kwa ndani, chini ya kidevu.

Kitambaa kizito huvuta utepe nyuma, na baada ya muda mfupi mvaaji yuko kichwa wazi. Kitambaa cha kuteleza hakishikiki. Na asiyezoea atalikanyaga ngazini, kwa hiyo ajizoeze kupanda na kushuka kabla ya siku yenyewe, mkono mmoja ukiinua mbele. Kwa maonyesho ya kabla ya 1907 liache kabisa.

Watoto na miguu

Mvulana anayekwenda chuoni (madrasa) huvaa kanzu ya mkato uleule. Mtoto wa miaka saba, bega hadi kifundo sentimita 90, atatoshwa na wari mbili na robo, badani ya upana wa 38, mikono ya 40, vikwapa vya 10. Mpe pindo la sentimita nane, kwani hivyo ndivyo mama aliyenunua kwa rupia, na kwa shilingi baada ya 1921, alivyoiongezea kanzu umri. Mstari uliofifia wa pindo la zamani, umeshushwa, unaonekana vizuri sana kwenye kanzu ya mtoto: shona, fua mara mbili, ndipo ushushe. Msichana mdogo huvaa gauni la chiti na mtandio. Kaptura ya kaki na shati ni ya mwanafunzi wa shule ya serikali, si ya kila mvulana.

Miguuni, wengi walikwenda pekupeku. Makubadhi ya ngozi ni ya matembezi. Ndani na chooni ni mitalawanda, ile ya mti yenye msuruaki wa kushikwa kwa vidole. Msuruaki ukilegea, loweka kishina chake. Ukipigiliwa msumari utampasua mtu kidole.

Kufua na kukaza

Maji ya visima vingi vya mjini Lamu yana chumvi, sabuni haitoi povu na nguo nyeupe hubaki na ukungu wa kijivu. Suuza ya mwisho ifanye kwa maji ya mvua au maji matamu ya kijiji cha Shela. Tia buluu ya kufulia kidogo, maji yawe na rangi ya anga hafifu, na uikoroge kabisa kabla ya kutia nguo, la sivyo utapata madoa ya buluu mgongoni.

Wanga wa muhogo: vijiko viwili vya chakula kwa lita moja. Koroga kwanza kwa maji baridi kidogo, kisha mimina maji yanayochemka huku ukikoroga mpaka ung'ae. Uchuje kwa kitambaa, kwani bonge moja likiungua chini ya pasi huacha alama ya kahawia. Chovya kanzu, kamua, anika kivulini, ipige pasi ikiwa na unyevu bado. Leso na buibui zisitiwe wanga.

Mwisho ni udi. Nguo zikikauka kabisa zitandaze juu ya tundu (tenga) la ukindu, chetezo chini yake, umbali wa mkono mmoja, makaa yasiwe na mwali. Zikiwa na unyevu moshi huzitia rangi ya njano. Fukiza dakika kumi, geuza, kumi nyingine, kisha zikunje zikiwa na joto na uzifunge kwenye leso safi mpaka asubuhi ya kuvaa.